Gofu ya diski chuoni kwetu Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu vikapu visimame chuoni, maswali hayaishi. Wanachuo wapya wanauliza, wazazi wanaokuja kufuatilia ada wanauliza, vijana wa mtaani wanaochungulia kupitia ua wanauliza. Tumekusanya hapa yale yanayojirudia. Mengine yana majibu mafupi na mengine tumeyajibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la haraka lingeweza kumpotosha mtu au kumuumiza.

Huu ni mchezo gani hasa?

Ni gofu, ila badala ya fimbo na kijipira unarusha diski ya plastiki kwa mkono, na badala ya kishimo ardhini kuna kikapu cha chuma chenye minyororo, kimesimamishwa juu ya mlingoti. Unaanzia kwenye kianzio, unarusha kuelekea kikapu, unaifuata diski ilipoangukia, unarusha tena kutokea hapo, hivyo hivyo mpaka iingie. Kila mtupo unahesabiwa. Safari nzima kutoka kianzio mpaka kikapu chake tunaiita shimo, ingawa hakuna kilichochimbwa. Anayemaliza mashimo yote kwa mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Hakuna refa: mnahesabiana wenyewe, na mwenzako akikwambia umerusha mara nne, hesabuni pamoja kabla ya kubishana.

Ndiyo ile kurusha kisahani ya kwenye riadha?

Hapana. Kisahani cha riadha kina kilo 2 kwa wanaume na kilo 1 kwa wanawake, na anayeshinda ni yule aliyefika mbali zaidi. Diski zetu nyingi zina gramu 150 hadi 180, na kufika mbali si hoja kama umefika mbali upande usiotakiwa.

Frisbi ya kuchezea ufukweni ni ndugu wa karibu zaidi. Tofauti iko kwenye ukingo. Frisbi ina ukingo mnene wa mviringo, inaelea taratibu na ni rahisi kuidaka. Diski ya gofu ni ndogo kidogo, ngumu zaidi, na ukingo wake umechongoka ili ukate hewa. Kwa hiyo msidakiane diski za gofu. Inauma, na vidole vimeshaumia kwa namna hiyo.

Ulianzia wapi?

Watu walikuwa wakirushia visahani kwenye miti, nguzo na mapipa muda mrefu kabla mchezo haujapata sura. Aliyeupa sura ni Mmarekani Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya Wham-O iliyotengeneza frisbi. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza rasmi uliwekwa Oak Grove Park, California. Mwaka 1976 alianzisha chama cha mchezo, PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachotunza kanuni na kuidhinisha diski na vikapu. Kikapu cha minyororo ni ubunifu wake pia, na hataza yake ilitoka mwaka 1977. Kabla ya hapo ugomvi ulikuwa mwingi: diski imegusa nguzo, haijagusa? Minyororo ilimaliza ubishi, maana unaisikia na kuiona diski imetua ndani.

Hatua kubwa iliyofuata ni ya mwaka 1983, kampuni ya Innova ilipotoa diski ya kwanza yenye ukingo uliochongoka. Diski unazoziona leo zote zimefuata njia hiyo.

Uwanja wetu ukoje?

Una mashimo 9. Fupi kabisa lina mita 45 na refu kabisa halifiki mita 100. Mtu aliyezoea kuona video za viwanja vya Finland au Marekani anaweza kuudharau. Tunamshauri acheze kwanza. Chuo ni kidogo, majengo yamekaribiana, miembe ni mingi, na kila shimo lina mlango mmoja tu wa kupitia. Ukiwa na nguvu bila shabaha utamaliza jioni nzima ukitafuta diski. Kwa maoni yetu uwanja wa namna hii ni mwalimu mzuri kuliko uwanja mkubwa wa wazi, kwa sababu kosa linaonekana papo hapo na sababu yake inaonekana pia.

Shimo la 3 ndilo wageni wanalolisimulia. Kianzio kiko pembeni mwa maktaba, kikapu kiko mita 71 mbele, na katikati kuna safu mbili za miembe ya zamani. Matawi yameshikana juu, na chini yameishia kwenye mstari mmoja ulionyooka, kimo cha mtu mzima akiinua mkono, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi watu wamekuwa wakikaa hapo na kukata kinachowagusa kichwani. Diski inayorushwa juu inaingia kwenye majani na haitoki. Inayorushwa chini, kimo cha kifuani, ikiwa bapa, inapita kwenye kivuli chote kile bila kugusa kitu, inachomoza kwenye mwanga upande wa pili, inainama kidogo kushoto na kuanza kushuka ikiwa bado na pumzi ya kufika kikapuni. Hakuna anayeirusha hivyo siku ya kwanza. Ukiirusha hivyo mara moja, utarudi kesho.

Shimo la 6 linapita nyuma ya jiko, na hapo tumeweka njia ya lazima: diski ipite kushoto kwa simtanki, isikatize kulia kwenye meko na kuni. Hilo halina mjadala hata kama jiko limefungwa. Shimo la 9 linaishia karibu na mlingoti wa bendera, mbele ya baraza la ofisi, kwa hiyo mtupo wako wa mwisho unaweza kuwa na watazamaji.

Nani anaruhusiwa kucheza, na saa ngapi?

Mwanachuo, mfanyakazi, jirani, mgeni aliyeshuka treni jana: yeyote. Wasio wa chuo wapite getini, wamsalimie mlinzi na waandike jina kwenye kitabu cha wageni. Hakuna kiingilio.

Siku za vipindi tunacheza kuanzia saa 10 jioni. Wanaotoka Dar es Salaam huwa wanahofia giza, lakini Tabora iko magharibi zaidi na nchi nzima inatumia saa zile zile, hivyo jua huku linazama karibu nusu saa baada ya huko. Mkianza saa 10 na nusu mnamaliza mashimo 9 kwa nafasi. Jumamosi asubuhi ni nzuri zaidi, kabla jua halijawa kali, hasa Septemba na Oktoba. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi hatuchezi mashimo yaliyo karibu na mahali pa sala. Wiki za mitihani uwanja wote unafungwa mpaka saa 11 jioni, maana minyororo ina kelele na ukumbi una madirisha yasiyo na vioo vyote.

Watu wanapita katikati ya uwanja. Mnafanyaje?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, tunaomba lisomwe mpaka mwisho.

Chuo kilikuwepo kabla ya vikapu. Njia ya mkato kutoka mtaani kwenda barabara kuu inakatiza shimo la 4 na la 5, na imekuwa ikitumika tangu wengi wetu hatujazaliwa. Anapita mzee na baiskeli yenye madumu ya maji, wanapita watoto wa shule ya msingi, anapita mama na beseni la karanga kichwani. Hao ndio wenye njia. Sisi ni wageni juu ya njia yao, na mchezo utadumu chuoni kwa kadiri tutakavyolikumbuka hilo.

Kwa hiyo hakuna kurusha kama kuna mtu yeyote mahali ambapo diski inaweza kufika. Hatusemi mahali unapotaka ifike. Tunasema mahali inapoweza kufika, na kwa anayejifunza hiyo ni nusu duara nzima mbele yake. Diski ya gramu 170 yenye ukingo mwembamba inaweza kuvunja jino au kupasua nyusi, na mtoto anayetembea na wenzake haangalii juu.

Usimharakishe anayepita. Usisimame umeinua diski kama unamwonyesha kwamba anakuchelewesha. Ishushe, msalimie. "Shikamoo mzee, pita tu, hatuna haraka." "Karibu mama, tunasubiri." Wengi watasimama wenyewe na kuuliza mnafanya nini, na huo ndio muda mzuri wa kueleza. Baadhi ya wachezaji wetu wazuri walianza kwa kuuliza hivyo.

Shimo la 5 lina kona isiyoonekana kutoka kwenye kianzio. Hapo lazima mmoja wenu atangulie mpaka kwenye kona, aangalie pande zote mbili, ainue mkono mmoja. Mkono ukishuka, hakuna kurusha. Mkiwa wawili tu, fanyeni kwa zamu. Ukiwa peke yako, liruke shimo hilo.

Diski ikikuponyoka na kuelekea watu, piga kelele "Diski!" kwa sauti yote uliyonayo. Usione aibu, na usingoje uone kama itawakosa.

Na mkikuta watu wamekaa kusoma chini ya miembe ya shimo la 3, msiwaombe wahame. Nendeni shimo la 4. Kivuli kile ni chao kwanza.

Sina diski. Nianze na ipi?

Chukua moja ya kuazima kwenye kabati la michezo, utaandikishwa jina na utairudisha siku hiyo hiyo. Omba diski ya kikapuni, yaani ya mitupo mifupi ya kumalizia, au ya masafa ya kati. Usiombe ya masafa marefu hata kama rafiki yako anayo na inaonekana nzuri. Diski ya masafa marefu ina ukingo mpana, mwembamba, na imetengenezwa kwa mkono wenye kasi kubwa. Mkono usio na kasi hiyo ukiirusha, inaanguka kushoto mapema, nawe unadhani tatizo ni nguvu, unaongeza nguvu, unaharibu mtindo wako wote. Diski ya kati inakwenda polepole na inasema kweli: ukiirusha bapa inakwenda bapa, ukiipindisha inapinda.

Ukitaka ya kwako, diski za plastiki ya kawaida huko Marekani huuzwa kwa dola 10 hadi 20. Kwetu gharama inaongezwa na usafiri na ushuru, hivyo njia nafuu ni watu kadhaa kuagiza kwa pamoja, au kumpa oda ndugu anayerudi kutoka nje. Chagua rangi ya waridi au bluu. Ya kijani inapotea juu ya mwembe, na ya kahawia au ya njano iliyokolea inapotea kwenye majani makavu chini yake. Andika jina na namba ya simu upande wa chini kwa kalamu ya wino usiofutika.

Zile namba nne juu ya diski zina maana gani?

Ya kwanza ni kasi, yaani mkono wako unatakiwa uirushe kwa haraka kiasi gani ili iruke inavyopaswa. Diski za kikapuni ziko 2 au 3, za kati 4 mpaka 6, na za masafa marefu huanzia 9 na kuendelea. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu ni jinsi inavyogeuka mwanzoni ikiwa bado na kasi: namba hasi kubwa ina maana inageukia kulia zaidi kwa anayerusha mkono wa kulia kwa mtupo wa kuvuka kifua. Ya nne ni jinsi inavyopinda kushoto mwishoni ikipoteza kasi. Anayeanza atafute kasi ya 5 au chini yake, na namba ya mwisho iwe 0 au 1. Mengine utayajua kwa mkono.

Narushaje?

Mtupo wa msingi ni ule wa kuvuka kifua. Kwa anayetumia mkono wa kulia, simama ubavu wa kulia ukielekea kikapu. Vidole vinne viwe chini ya ukingo, dole gumba juu, ushike kwa uthabiti bila kukakamaa. Vuta diski nyuma ikiwa kwenye kimo cha kifua, kisha ilete mbele kwa mstari ulionyooka karibu na mwili. Usiizungushe kama unafagia. Nguvu inaanzia miguuni na kiunoni, mkono unamalizia. Kiwiko kitangulie, kifundo cha mkono kifyatuke mwishoni.

Kinachoifanya diski iruke ni mzunguko. Bila kuzunguka inayumba na kuanguka hata ukiirusha kwa nguvu zote. Ndiyo maana msichana mwembamba mwenye kifundo chepesi anamzidi mnyanyua vyuma, na tumeona hilo uwanjani mara nyingi.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuinua pua ya diski, yaani ukingo wa mbele kuwa juu kuliko wa nyuma. Diski inapanda, inasimama hewani, inaporomoka kushoto. Dawa ni kuangalia mkono wako unapoishia: kama kiganja kimemalizika juu ya bega, umeinua. Jizoeze kwa mitupo mifupi ya mita 20, kwa nusu ya nguvu, mpaka diski itoke bapa kila mara. Mguu wa mbele uachwe uzunguke baada ya kurusha, usiukandamize ardhini, goti litakulipiza.

Kuna na mtupo wa pembeni, unaofanana na kurusha jiwe lirukeruke juu ya maji ya bwawa la Igombe. Huo unapinda kulia mwishoni, na unahitajika shimo la 8 ambapo ukuta wa bweni umeziba upande wa kushoto.

Mbona diski yangu inapinda kushoto kila mara?

Kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayevusha kifuani, hiyo ndiyo tabia ya diski inapopunguza mwendo. Lenga kulia kidogo na uiache ifanye kazi yake. Ikipinda mapema mno, basi diski ni ya kasi kuliko mkono wako, au pua imeinuka.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Diski ile ile iliyorushwa Tanga itaelea zaidi kidogo kuliko hapa, na hapa itapinda kushoto mapema kidogo.

Upepo ni habari nyingine. Kiangazi huwa unatoka mashariki na kusini-mashariki, na shimo la 2 na la 7 yanaupokea moja kwa moja. Upepo wa usoni unaifanya diski igeuke kulia na kuinuka, hivyo rusha chini na utumie diski ngumu kugeuka. Upepo wa mgongoni unaikandamiza na kuiharakisha kushoto, hivyo ipe kimo zaidi. Rusha vumbi au jani hewani kabla hujachagua diski. Kila mtu anadhani anaujua upepo mpaka jani limwambie.

Nikifika karibu na kikapu nakosa. Nifanyeje?

Lenga mnyororo mmoja, siyo kikapu kizima. Chagua pete moja ya mnyororo upande wa mkono wako na uiangalie mpaka diski itoke mkononi. Ndani ya mita 10 kanuni inakutaka usimame imara baada ya kurusha: huruhusiwi kujiangusha mbele kupita alama ya mahali diski yako ilipolala kabla hujatulia.

Mazoezi ya mita 5 kwa dakika chache kila jioni yana faida kuliko kurusha mbali siku nzima. Mitupo mingi kwenye uwanja wetu inapotea hapo, kwenye hatua chache za mwisho, mtu akiwa ameshaanza kufikiria shimo linalofuata.

Kanuni gani nizijue kabla ya kuanza?

Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayerusha. Kwenye kianzio anaanza aliyefanya vizuri shimo lililopita. Una sekunde 30 za kurusha zamu yako ikifika na njia ikiwa wazi. Weka kijidiski cha alama mbele ya diski yako, iokote, kisha rusha ukiwa nyuma ya alama. Diski ikitoka nje ya mpaka ni mtupo mmoja wa adhabu. Ikipotea, mnaitafuta wote kwa dakika tatu, na isipoonekana unarudi ulipotoka ukiwa na mtupo mmoja wa adhabu. Iliyolala juu ya kikapu haijaingia. Lazima ibaki ndani au ining'inie kwenye minyororo.

Imenasa juu ya mwembe.

Unaweka alama chini yake na kuendelea kucheza, kwetu bila adhabu. Kuitoa ni kazi nyingine. Kuna upondo mrefu nyuma ya stoo ya michezo, utumie huo. Usirushe mawe, usirushe diski nyingine (utakuwa na mbili juu), na usipande. Matawi ya mwembe mzee yanavunjika bila kutoa onyo.

Angalia pia nyuki. Huu ni mkoa wa asali, na makundi yanayohama hupenda mapango ya miembe mikubwa. Ukisikia mvumo au ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina, ondoka taratibu bila kupunga mikono, waambie wengine, mwambie mlinzi. Diski itatolewa jioni na anayejua kazi hiyo. Shimo linafungwa mpaka hapo.

Msimu wa maembe, kuanzia Novemba, mtu asitumie diski kuangua. Yana wenyewe, na jikoni wanayahesabu.

Imevuka ua na kuingia shambani kwa jirani.

Usiruke ua. Zunguka getini, piga hodi, salimia, eleza, subiri ukaribishwe. Ukiruhusiwa kuingia, tembea kwenye mfereji kati ya matuta, usikanyage matuta yenyewe. Karanga zikiwa na maua ndiyo zinashusha mbegu ardhini, na hatua moja ya kiatu inaharibu chakula cha mtu. Kama hakuna mtu nyumbani, diski ilale huko. Majirani wa upande wa shimo la 7 wamekuwa wema kwetu, na wengine huzitundika diski kwenye ua wakizikuta. Wakati wa kuvuna tunakwenda kuwasaidia, na kila mchezaji anakaribishwa.

Masika mnacheza?

Tunacheza, lakini kwa busara. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Nyasi zinapanda, diski inazama humo na nyoka pia. Vaa viatu vya kufunika mguu, na pekua nyasi kwa fimbo kabla ya mkono. Beba kitambaa, maana diski yenye matope inateleza mkononi na kwenda isikotarajiwa.

Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, mchezo umekwisha. Uwanja wetu una milingoti ya chuma iliyosimama karibu na miti mirefu, na radi za mkoa huu si za kupuuza. Ingieni ndani ya jengo. Msijikinge chini ya mwembe.

Wasichana wanacheza? Na wazee?

Wanacheza, na mashindano yetu ya mwisho wa muhula hayatenganishi. Mavazi si kikwazo. Wanaovaa baibui wanakunja mkono wa nguo mpaka kiwiko au wanavaa fulana ya mikono inayobana ndani, ili diski isiguse kitambaa inapotoka. Kama mtu anataka kielelezo, Kristin Tattar wa Estonia, nchi ndogo kabisa, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023. Wazee ndio wenye subira ya kikapuni, tunawahitaji.

Vikapu mlivipata wapi? Tunataka kuweka shuleni kwetu.

Vilitengenezwa mjini na fundi wa kuchomelea. Mlingoti ni bomba la inchi moja na nusu. Pete ya juu ya kufungia minyororo na ukingo wa kikapu ni rimu za baiskeli za namba 28, ambazo zina upana wa sentimita sitini na kitu, na ukubwa huo unafaa vizuri. Ukingo wa kikapu uwe kimo cha kiunoni hivi. Minyororo ni ile myepesi ya dukani. Usinunue minene, diski itadunda na kurudi. Iwe na safu mbili, ya nje na ya ndani, kwa sababu safu moja inaachia diski ipite katikati. Mwambie fundi asage ncha zote za waya, watoto hupitisha mikono humo.

Kama hela hakuna, anzeni na nguzo zilizopakwa rangi: diski ikigusa sehemu yenye rangi, shimo limekwisha. Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Kabla ya kuchimba, tembeeni eneo lote wiki nzima kwa saa tofauti na muandike watu wanapita wapi. Vikapu viwekwe mahali ambapo watu hawapo, hata kama mahali pazuri kwa mchezo ni pengine. Sisi tulihamisha shimo la 5 kwa sababu hiyo, na bado lina kona.

Fikirieni na miti. Shina linalopigwa kila siku mahali pamoja linachunika, na ganda likichunika wadudu wanaingia. Tunahamisha vianzio kila muhula ili kidonda kipone.

Nimeokota diski mjini, niipeleke wapi?

Kama ina namba ya simu, mpigie mwenyewe au mtumie ujumbe. Kama haina, iache kwa mlinzi getini, ataiweka kwenye boksi la chini ya meza. Ukiwa na dakika chache, mwombe akuonyeshe njia ya kwenda shimo la kwanza, na uirushe mwenyewe kabla hujaikabidhi.